Elimu ya Wadudu ni Makutano ya Elimu Nyingi: Somo la Nzi wa Mito ya Rungwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Tukuyu)



Leo tumekusudia kusema machache juu ya elimu ya wadudu. Huenda baadhi yenu mkashangaa, kwani kwa watu wengi mdudu ni kitu cha kukanyagwa au kupuliziwa dawa, na kijana akisema anataka kusomea wadudu huulizwa nyumbani kama amekosa somo jingine. Ilhali Kitabu chetu kitukufu kina sura iliyoitwa kwa jina la Nyuki na nyingine kwa jina la Chungu, na mbu na nzi nao wametajwa humo kuwa mifano ya kufikiriwa na wenye akili. Iko pia sura ya Buibui, ingawa wataalamu wa leo wangetukumbusha kwamba buibui, kwa kuwa ana miguu minane, hahesabiwi miongoni mwa wadudu wao. Mdudu kwao ni yule mwenye miguu sita na mwili uliogawanyika sehemu tatu. Hilo tunalitaja kwa kupita tu.

Neno letu la leo ni hili: hakuna elimu moja, iwe ya tabibu, ya mkulima au ya mkemia, inayoweza peke yake kumfahamu mdudu na kuuzuia uharibifu wake. Mwenye kumsoma mdudu hulazimika kugonga milango mingi. Wanachuoni wa zamani hawakuona ajabu katika hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na ndani yake mashairi, elimu ya lugha, hoja za wanafalsafa na mambo aliyoyatazama kwa macho yake mwenyewe vimekaa pamoja. Ni sisi wa zama hizi tuliozoea kuzitenga elimu kama mashamba yenye mipaka ya miti.

Lakini ushahidi wetu hatuutafuti Basra. Tunao hapa hapa, katika mito tunayoivuka kila siku.

Rungwe imejaliwa mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Maji ya milima yake hushuka kwa kasi kupitia mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Ziwa Nyasa, yakipita juu ya mawe na kufanya maporomoko ambayo wageni huja kuyatazama. Maji hayo hayo yaendayo mbio ndiyo makao ya nzi mmoja mdogo mweusi, mwenye urefu wa milimita chache tu na mgongo uliopinda kama wa mwenye kibyongo. Mbu hupenda maji yaliyotulia. Nzi huyu hupenda maji yanayokimbia, kwa sababu yana hewa nyingi. Viluwiluwi vyake hujifunga kwa uzi wa hariri juu ya mawe na majani yaliyozama, kisha hufungua vichwani mwao vitu mfano wa vipepeo vya mkono na kuchuja chakula kinachopita. Wale wanaokaa chini kuelekea Kyela wasimchanganye na visubi vile vinavyoinuka juu ya Ziwa Nyasa kama mawingu ya moshi. Vile haviumi mtu.

Nzi jike wa mtoni huuma mchana, naye hutafuta damu ili mayai yake yakomae. Akimuuma mwenye maradhi huchukua vimelea vichanga vilivyomo ndani ya ngozi. Vimelea hivyo hukua ndani ya mwili wa nzi kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, kisha nzi akimuuma mtu mwingine humwachia. Ndani ya mwili wa mwanadamu mnyoo hukua na kukaa katika vinundu chini ya ngozi, na mnyoo jike huweza kuishi miaka 10 hadi 15, huku akizaa vitoto kwa maelfu. Vitoto hivyo ndivyo vinavyoleta muwasho usiomwacha mtu alale, ngozi kukunjamana kabla ya uzee au kupata mabaka meupe miguuni, na vikifika machoni huharibu nuru ya macho hadi upofu. Ugonjwa huu katika nchi yetu huitwa usubi, kwa jina la mdudu mwenyewe. Habari zake katika bonde la Tukuyu zilichapishwa mwaka 1986 na watafiti Pedersen na Kolstrup, na tangu hapo kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefanya kazi kubwa juu yake.

Sasa ndugu zetu, tazameni ni elimu ngapi zinazohitajika.

Kwanza ni lazima umjue adui kwa jina lake, na jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Wale nzi ambao kwa jina la jumla huitwa Simulium damnosum si aina moja, bali ni jamii ya aina zaidi ya 50 zinazofanana hata kwa mwenye hadubini. Baadhi yao huuma watu, wengine hawawajali watu kabisa. Njia iliyogunduliwa ya kuwatenganisha ni kumpasua kiluwiluwi, kutoa tezi za mate, na kuzisoma kromosomu zake, ambazo katika tezi hizo ni kubwa mno na zina mistari kama ya kitambaa cha kufumwa. Mpangilio wa mistari hiyo ukigeuka, wataalamu hujua kwamba wanaangalia jamaa nyingine. Kwa njia hii ilifahamika kwamba anayeeneza usubi Tukuyu ni Simulium thyolense, aliyepewa jina la Thyolo huko Malawi.

Je, kuna faida gani kujua hayo? Mwaka 2005 Maegga, Kalinga na wenzao, baadhi yao wakiwa wataalamu kutoka Ulaya, walichapisha uchunguzi wao juu ya swali ambalo hata mwenye shamba angeliuliza: tukiwaua nzi wote wa Tukuyu, je, wengine hawatakuja kutoka nje na kuzichukua nafasi zao? Swali hilo si la mchezo, kwani huko Afrika Magharibi nzi wa jamii hii wamepata kubebwa na upepo mamia ya kilometa. Ili kulijibu, watafiti walipaswa kulinganisha kromosomu na vinasaba vya nzi wa Tukuyu na vya mito ya mbali. Hapo mambo ya urithi, ya upepo na ya ramani yamekuwa suala moja, na tabibu akiwa peke yake hawezi hata kulianza.

Majirani zetu wa Kenya walipata somo kama hili mapema zaidi. Kule Nyanza nzi mwenye kuleta usubi alikuwa wa aina nyingine, Simulium neavei, na kwa miaka mingi watafiti walipekua mawe na majani ya mito wasivione viluwiluwi vyake. Watu wanaumwa, nzi wapo, lakini mahali wanapokulia hapajulikani! Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wamevipata: vilikuwa vimejishikiza juu ya magamba ya kaa wa mtoni. Nani angemfikiria kaa? Mtu anayejua nzi tu asingemtazama kaa, na mtu anayejua kaa tu asingejali uchafu ulio mgongoni mwake. Kwa kutia dawa ya DDT katika mito, nzi yule aliondolewa Nyanza katika miaka ile ile. Dawa hiyo leo isingeruhusiwa kumwagwa mtoni, na ni vizuri hivyo.

Ama dawa ya kumeza, nayo ina hadithi yake. Iligunduliwa kutokana na kijidudu kilichotolewa katika udongo wa Japani, na waliohusika, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell mzaliwa wa Ireland, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilianza kama dawa ya mifugo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa ajili ya usubi kwa muda wote itakapohitajika, nayo ndiyo ivermectin, inayojulikana pia kwa jina la Mectizan. Hapa Tukuyu ugawaji wake kupitia wanajamii wenyewe ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mpango wa Afrika uliodumu kuanzia 1995 hadi 2015. Mnaijua ile fimbo ya kupimia kimo: badala ya mizani ambayo huharibika na kuhitaji kurekebishwa, mgawaji humsimamisha mtu kando ya fimbo, na alama inamwambia idadi ya vidonge. Nasi twaona kwamba aliyebuni fimbo hiyo ameifanyia Afrika kazi kubwa kuliko wengi waliovaa majoho ya chuo kikuu.

Dawa hii huua vitoto vya mnyoo na kumzuia mama yao asizae kwa miezi kadhaa, lakini haimwui mnyoo mkubwa. Ndiyo sababu mtu huambiwa ameze tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata, mpaka minyoo ile ifikie mwisho wa umri wake. Basi anayeuliza, "Mimi siwashwi tena, kwa nini nimeze?" jibu lake liko katika umri wa mnyoo. Na anayemeza yeye na kumwacha jirani hajafanya kitu kwa kijiji, maana nzi hachagui nyumba.

Hapa tunafikia jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Kijiji kitajuaje kwamba wakati wa kuacha dawa umefika? Kikiacha mapema, minyoo michache iliyosalia itazaa na nzi wataueneza ugonjwa upya, na jasho la miaka 20 litapotea. Kisipoacha kamwe, dawa na nguvu za watu vitatumika bila sababu. Kuwauliza wagonjwa hakutoshi. Anayeulizwa ni nzi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaeleza namna ya kumwuliza. Hukusanywa nzi wasiopungua 6,000 kutoka eneo husika. Vichwa vyao hutenganishwa na miili, kwa kuwa kimelea kilicho tayari kumwingia mtu hukaa kichwani, kisha huchunguzwa kwa mafungu kwa kipimo cha vinasaba. Kwa nini 6,000 na si 600? Hapa mwalimu wa hisabati anaingia. Ukichunguza nzi 6,000 na usimkute hata mmoja mwenye kimelea, kanuni za takwimu zinakuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba walioambukizwa hawafiki mmoja katika kila 2,000. Na chini ya kiwango hicho ugonjwa hauwezi kujiendeleza. Ukiwa na nzi 600 tu huna haki ya kusema hivyo, hata kama wote ni safi. Pamoja na nzi, hupimwa damu ya watoto wa chini ya miaka 10, wasiopungua 2,000, kwa sababu mtoto aliyezaliwa baada ya ugonjwa kukatika hatakuwa na dalili ya kukutana nao. Na baada ya dawa kusimamishwa, eneo huangaliwa miaka mitatu hadi mitano zaidi.

Lakini ndugu zetu, nzi 6,000 hao wanakamatwa na nani? Si profesa. Ni kijana wa kijiji cha kando ya mto, aliyefundishwa, ambaye hukaa kutwa nzima amekunja suruali, na nzi akitua mguuni humfunika kwa kichupa kabla hajauma. Kazi hii ina mashaka, na kwa haki wataalamu wenyewe wamekuwa wakiuliza kama inafaa kumfanya mtu kuwa chambo. Huko Mexico ulibuniwa mtego wa kitambaa cha rangi ya buluu na nyeusi, wenye kunata, unaotiwa hewa kama ile tunayoitoa puani na nguo iliyokwisha kuvaliwa ili unuke kama mtu. Kwa hiyo kwenye orodha yetu tuongeze elimu ya harufu na ya rangi, na mlango wa maadili pia.

Juu ya kuwaua nzi wenyewe mitoni tutasema kidogo. Mpango wa Afrika ulichagua maeneo manne ya kujaribu kuwamaliza kabisa: Itwara na Mpamba-Nkusi huko Uganda, kisiwa cha Bioko, na Tukuyu. Uganda na Bioko walifaulu. Tukuyu nzi bado wapo. Mwenye kutia dawa mtoni anahitaji kujua mto unapitisha maji kiasi gani kwa sekunde, la sivyo atatia kidogo isifae au nyingi iue viumbe vingine ambavyo samaki huvitegemea. Na mito ya nchi yenye mvua kama hii hubadilika kila wiki. Watu nao hunywa, huoga na kutawadha humo.

Haya si ya nzi wa usubi peke yake. Ndorobo walimalizwa kisiwani Unguja kwa kazi iliyofanywa katika miaka ya 1990: madume walizalishwa Tanga, wakapigwa miale ya nyuklia ili wawe tasa, wakadondoshwa kisiwani kwa ndege kwa mamilioni, na majike waliopandwa nao hawakuzaa. Ndorobo wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Fizikia iliyotengeneza bomu ilitumika kuokoa ng'ombe wa Wazanzibari. Na nyinyi wakulima wa parachichi na maembe mnamjua nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika nchi zetu. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, akidhaniwa kuwa aina mpya. Mwaka 2015 wataalamu, wakiwa wamekusanya ushahidi wa miaka 20 wa umbo, vinasaba, harufu na namna wadudu hao wanavyopandana, walitamka kwamba yeye na Bactrocera dorsalis wa Asia ni kitu kimoja. Msidhani huo ni ugomvi wa maneno. Nchi zinazonunua matunda huandika majina ya wadudu katika masharti yao, na jina likibadilika, mlango wa soko nao huguswa.

Mwafrika aliyeyaona haya mapema alikuwa Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 1970 alianzisha mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akawakusanya chini ya paa moja wakemia, wanabiolojia na wataalamu wengine, katika wakati ambapo wengi waliamini kwamba sayansi ya namna hiyo haiwezi kufanyika Afrika. Kituo hicho kingali kinafanya kazi.

Tumalizie na mambo matatu yanayotuhusu sisi wenyewe.

Zamu ya kugawa dawa ikitangazwa katika kijiji chako, meza, na uhakikishe vijana na wanaume wa nyumba yako wanameza, maana hao ndio wanaojificha zaidi kwa kusema wana afya. Wasiopewa wanajulikana: watoto wasiofika kimo cha alama ya chini ya fimbo, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na wagonjwa mahututi. Zamu ikiangukia Ramadhani, kufunga si sababu ya kuikosa dawa. Wazee wa msikiti wazungumze mapema na mgawaji, aje baada ya futari au apange siku yetu baada ya Idi. Wagawaji ni majirani zetu na hulikubali hilo wakiambiwa kwa wakati.

Wapimaji wakija kuchukua tone la damu kidoleni mwa mtoto, msimfiche mtoto kwa sababu ya uvumi. Na mkimwona kijana ameketi kando ya mto Mbaka miguu wazi na vichupa mkononi, msimcheke wala kumwita mvivu.

La tatu ni la wazazi. Binti au kijana anayependa kuwatazama wadudu asikatazwe. Ahimizwe kushika biolojia, kemia na hisabati kwa pamoja, na asiachie jiografia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, na kituo cha utafiti kiko hapa hapa Tukuyu. Walimu wa madrasa wanaweza kuanza hata wiki hii: siku ya mapumziko, pamoja na mtu mzima anayeujua mto, watoto wageuze mawe mawili matatu penye maji ya kina kifupi, wavitazame viluwiluwi vilivyonata hapo, wavihesabu, kisha wayarudishe mawe mahali pake.